Sketi Iliyonifikisha Mahakamani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa mdaiwa, mimi nisiyewahi kukopa hata sindano. Aliyeleta wito alikuwa na adabu zake. Alivua kofia mlangoni, akauliza kama mimi ndiye mwenye jina lile kwenye karatasi. Nikadhani ni mteja, nikamwambia anyooshe mikono nimpime. Maskini, akanyoosha.

Karatasi inasema nimemkashifu mwenye kiwanda cha sare. Kwamba tarehe 10 Februari, katika mkutano wa wazazi, nilisimama nikasema sketi za shule zimeshonwa kwa nguo kuukuu zilizofumuliwa, na aliyezishona ni mwizi. Ni kweli nilisema. Binti yangu anafanya kazi Jumamosi, nikaenda badala yake, sketi ya mjukuu wangu mkononi. Matundu ya sindano yalikuwa yamejipanga juu ya marinda, mstari baada ya mstari, mahali ambapo hapana mshono. Nimeshona nguo kwa miaka arobaini, najua matundu ya hivyo yanatoka wapi. Mshono wa zamani umefumuliwa, kitambaa kikageuzwa, kikauzwa kama kipya.

Mwenye kiwanda ni Pindo. Tulishona chumba kimoja miaka ishirini na miwili.

Nina siku ishirini na moja za kujibu kwa maandishi. Nikishindwa, chumba hiki cha kushonea na cherehani yangu havitabaki vyangu. Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo, kwenye kurasa zilizobaki, ili nisichanganye tarehe.

Jumanne, 5 Machi

Nimezunguka jengo la mahakama mpaka viatu vimelia maji. Masjala wakanituma ghorofa ya pili, mlango ulioandikwa Msaada wa Kisheria Bila Malipo. Nilikaa pale tangu asubuhi. Ilipofika zamu yangu, yule mama wa dirishani akaniuliza ni ardhi, mirathi, matunzo ya mtoto au kazi. Nikasema kashfa. Akafunga kalamu yake. Alisema fungu lao halifiki kwenye kashfa, maana wanaosemana vibaya kwa kawaida wana uwezo wa kuweka mawakili. Nikamwonyesha viatu vyangu. Alicheka, nikacheka, na mlango ukabaki umefungwa vilevile.

Wakili wa kulipia sina ubavu naye. Nilipokuwa nashuka ngazi, karani mmoja aliyekuwa anakunywa chai yake dirishani akaniambia kwa sauti ya chini kuwa kila Jumatano mawakili vijana wanajitolea kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Hao wanachukua hata kashfa. Watu kumi na wawili tu, wanaowahi.

Jumatano, 6 Machi

Nilikuwa wa kumi na tano.

Tuliokosa tulibaki barazani tukingoja mvua ipungue. Fundi simu mmoja, kijana mwenye maneno mengi, ameshtakiwa na mwenye nyumba wake kwa ujumbe aliouandika kwenye kundi la wapangaji. Hii ni mara yake ya tatu kukosa namba. Alisema harudi tena, liwalo na liwe. Nilimwomba arudi, akanipungia mkono.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Wateja wawili tu, zipu zote mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu amekuja, kapanda mori kuliko mimi. Kwa maoni yake Pindo alikuwa na tamaa tangu zamani, ndiyo maana alinikimbia alipoona mlango wa tajiri. Nimkazie mpaka ajute kunifahamu. Nilimwitikia kila neno. Miaka tisa nimekuwa nikilisema hilohilo, limekuwa rahisi mdomoni.

Alipoondoka nikakaa nasikiliza paa. Kile chumba chetu, juu ya duka la viatu, kilikuwa kinavuja pembe zote nne. Mvua ikianza tulisukuma cherehani hadi katikati, tukashona tumepeana migongo, kila mmoja akihisi mgongo wa mwenzake ukitikisika kwa kanyagio. Harufu ya gundi ya viatu ilipanda kupitia mbao za sakafu mpaka tukawa tunajua, bila kushuka, kama leo wanabandika soli au wanapiga rangi. Pindo alikuwa na tabia ya kusimulia mchezo wa redio kabla haujaisha, anawatabiria watu ndoa na vifo, na akikosea anasema mtunzi ndiye aliyekosea. Nilicheka sana katika chumba kile. Nimejaribu kukumbuka lini nimecheka hivyo hapa, sikupata.

Jumatano, 13 Machi

Namba nne! Nilifika kabla mlinzi hajafungua geti.

Wakili wangu, tuseme wangu kwa dakika ishirini na tano, ni msichana wa umri wa binti yangu mdogo, koti limempwaya mabegani. Mkono wa kushoto ulihitaji kupunguzwa. Nilijizuia kusema mpaka mwisho.

Aliniambia kwanza wasichofanya. Hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu. "Tunakusaidia kuelewa na kuandika, Mama. Kusimama utasimama mwenyewe." Kisha akaisoma hati ya madai yote, polepole, kidole kikifuata mstari, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu nilipoipokea, mimi nikiwemo.

Akaniuliza kama nilichosema ni kweli. Nikamwambia kweli tupu. Akasema basi ukweli ndio ngao yangu, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wangu, si wa Pindo. Niilete sketi. Ipo na njia ya pili, ya akiba. Mtu akisema jambo kwa nia njema, mbele ya watu wenye haki ya kulijua, sheria inaweza kumlinda hata kama alikosea. Wazazi walikuwa na haki ya kujua kuhusu sare za watoto wao. Njia hiyo hufa pale tu ikionekana kwamba msemaji alikuwa na chuki.

"Mlikuwa na ugomvi wowote na mdai?" akauliza.

Nikasema hapana, tuliachana tu kikazi. Akaandika hivyo. Nilitazama kalamu yake ikiandika, nikahisi joto masikioni.

Amenipa kazi ya nyumbani. Niandike kwa maneno yangu namna ninavyomfahamu mdai, na kwa nini macho yangu yaaminiwe kwenye mambo ya kushona. Kurasa mbili zinatosha.

Alhamisi, 14 Machi

Kurasa nne, na bado tuko wasichana, kwa Fundi Mkuu aliyetufundisha kazi. Yule mzee alikuwa anapima marinda kwa rula ya chuma, na likizidi kwa uzi mmoja unafumua yote. Ndiye aliyempa Pindo jina hilo, kwa sababu pindo za nguo zake zilikuwa hazionekani hata ukizitafuta.

Ijumaa, 15 Machi

Kurasa sita. Wakili atanifukuza.

Jumapili, 17 Machi

Mvua haijakata tangu jana. Nimefika mwaka aliofariki mume wangu.

Nilikuwa nimekusudia kuuruka, hauhusiani na kesi. Lakini nimeandika kuwa mwezi mzima sikukanyaga kazini, na hakuna mteja hata mmoja aliyekosa nguo yake. Pindo alishona zake na zangu. Nguo zangu alizishona kwa mtindo wangu, na kola alizikata kwa mviringo ninaoupenda mimi, ambao yeye siku zote aliuona wa kizamani. Niliporudi hakusema lolote. Nilikuta tu vitambaa vyangu vimepungua. Na mimi sikumshukuru, maana ningeanza kulia na kulikuwa na mteja.

Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru baadaye.

Jumatatu, 18 Machi

Kurasa kumi na tatu. Leo nimeandika alivyoondoka.

Niliandika kwanza kwamba alipata kazi ya sare, akaniacha. Nikaisoma, nikaikata, kwa sababu nitaisaini mbele ya ofisa wa viapo. Haikuwa hivyo. Aliniomba twende wote. Aliniomba mara tatu. Mara ya tatu alinichukua mpaka kwenye lile jengo jipya, akanionyesha meza aliyoiweka kando ya dirisha kubwa, mwanga unaingia kutoka kushoto kama ninavyotaka. Nikamwambia mimi si kibarua wa mtu. Akasema, "Nani kasema kibarua? Mwenzangu." Nikamwachia funguo zake mezani nikashuka ngazi.

Miaka tisa nimewaambia watu kuwa aliniacha.

Jumanne, 19 Machi

Naandika harakaharaka, tuone kama kesho nitasomeka.

Asubuhi nilikaa niandike ukurasa wa mwisho, ule wa kuonyesha kuwa macho yangu ni ya kuaminiwa. Nikaona nitaje jinsi tulivyokuwa tunashona marinda, ili hakimu ajue tulifundishwa na mtu makini. Nikaandika hivi: Kila rinda tulilipiga bandi kwanza, yaani mshono wa mkono wa muda, kutoka kiunoni hadi chini, kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili, ili lisicheze wakati wa kulipiga pasi. Baadaye tuling'oa.

Kalamu ikasimama hapo.

Nilikwenda kuichukua sketi kwenye mfuko ambao nimeifungia kama ushahidi. Nikaipeleka dirishani. Matundu yanatoka kiunoni yanashuka hadi chini, rinda baada ya rinda, umbali kati ya tundu na tundu ni ule ule. Nikaweka ukucha wangu. Ukucha mmoja, ukucha mmoja. Ndicho kipimo cha Fundi Mkuu, alikuwa anasema kidole huwezi kukisahau nyumbani.

Nikafumua pindo. Kitambaa kilichowahi kushonwa kikafumuliwa hakifichi umri wake. Pale mshono wa zamani ulipokuwa umejificha, rangi inabaki imekolea, unaona ukanda. Nimetafuta ukanda kwenye sketi nzima, ndani na nje, kwa miwani na bila miwani. Hakuna. Kitambaa ni kipya.

Kwa hiyo Pindo bado anapiga bandi. Ana kiwanda, ana mashine za umeme, ana sketi mia kadhaa za kutoa kabla shule hazijafunguliwa, na bado mafundi wake wanakaa na sindano ya mkono wanapiga bandi kila rinda kama tulivyofundishwa. Mimi niliacha mwaka ule ule alioondoka. Nabana kwa pini, napitisha cherehani, namaliza. Nimeacha muda mrefu mpaka nilipoiona kazi safi kwa macho yangu nikaiita wizi.

Kilichokosekana ni hatua ya mwisho tu. Bandi ikishang'olewa unafunika marinda kwa kitambaa kibichi, unakandamiza pasi ya moto, nyuzi zinanywa maji zinajirudi na matundu yanajifunga. Kwake wameiruka. Haraka ya kazi nyingi labda. Si kosa la kumwita mtu mwizi.

Mdogo wangu alipiga simu, nikamweleza. Akaniambia niichome hiyo sketi, nani atajua. Sikumkasirikia. Wazo hilo lilikuwa limeshapita kichwani mwangu likaondoka, na lilikaa huko muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumatano, 20 Machi

Namba mbili.

Nilimwekea wakili sketi mezani na kurasa zangu kumi na tatu, nikamwambia si kweli. Nilimweleza bandi, maji, ukanda wa rangi. Alisikiliza bila kunikatiza, na mimi nikatumia dakika kumi nzima kati ya ishirini na tano.

Akasema jambo ninalojua sasa kuwa si kweli siwezi kuliandika tena kuwa kweli, wala yeye hawezi kunisaidia kuliandika. Lakini nisikate tamaa, iko ile njia ya pili. Wakati ule niliamini ninachosema. Ulikuwa mkutano wa wazazi. Sikuwa na ugomvi na mdai, alishaliandika wiki iliyopita. Hoja hiyo ina nguvu, alisema, watu wameshinda nayo.

Akageuza karatasi upande safi. "Nitakuuliza tena, Mama, kwa sababu utaapa. Ulipokuwa unasema yale, ulikuwa na chuki naye?"

Nyuma ya mlango nilisikia watu kumi wakingoja, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa. Ningeweza kusema hapana. Kurasa zangu alikuwa hajazisoma, ningezirudisha mkobani.

"Niliposema neno mwizi ukumbi ulinyamaza," nikamwambia. "Nikafurahi, mwanangu. Nilikuwa na miaka tisa naitafuta ile furaha."

Hakuandika kitu. Akavuta kurasa zangu, akasoma ule wa meza kando ya dirisha, akausoma tena. Muda ulikuwa umebaki kidogo na nilianza kuona huruma kwa mwenye namba tatu.

Nilimwambia nimempotezea muda, kwamba hana cha kunisaidia tena. Akanikatalia. "Ungekuja na hizi kurasa bila mtu wa kukuuliza, ungezisaini Jumatatu, siku ya mwisho, kama zilivyo. Kazi yangu si kukushindisha. Ni uelewe unachosaini."

Kisha akanionyesha njia ya tatu, ambayo mimi sikujua kama ipo. Mdaiwa anaweza kukiri, akaomba radhi kwa maandishi, na akajitolea kusahihisha pale pale alipokosea, mbele ya watu wale wale. Haimfungi mdai kusamehe, na fidia inaweza kubaki, ila mahakama huizingatia radhi hiyo. Tuliiandika pamoja, ukurasa mmoja na nusu. Kila nilipotia "lakini" aliifuta.

Nje nilimuuliza mlinzi kuhusu yule fundi simu. Hakuwahi kujibu madai yake, muda ukapita, hukumu ikatoka bila kusikilizwa. Mlinzi anasema huwaona wengi wa namna hiyo, wanakuja mara mbili tatu halafu hawaonekani. Nilikuwa na namba mbili mkononi, kikaratasi chenyewe kimelowa, na roho iliniuma.

Ijumaa, 22 Machi

Nimewasilisha. Karani wa chai alipiga mhuri, akanitazama, akasema mahakamani hapa ukurasa mmoja na nusu ni mfupi mno kwa kesi ya kashfa. Nikamwambia kurasa zilikuwa kumi na tatu.

Alhamisi, 28 Machi

Kimya kutoka kwa Pindo. Mvua.

Jumatatu, 1 Aprili

Kimya.

Jumamosi, 13 Aprili

Mkutano wa wazazi. Mwenyekiti alinipa dakika tatu na sura ya mtu anayeogopa nitaongeza kesi.

Nilisimama pale pale niliposimama Februari. Nikainua sketi. Nikasema nilichosema kuhusu sketi hizi ni uongo, kitambaa ni kipya, na matundu haya ni alama ya kazi ngumu ambayo mimi mwenyewe niliiacha kwa uvivu. Nikaeleza bandi. Baba mmoja wa mbele akasimama akauliza, kwa hiyo uliwadanganya wazazi mia mbili?

Nikamjibu ndiyo. Sikujua nadanganya, ila nilitaka sana iwe kweli.

Ukumbi ulinyamaza tena. Safari hii sikukipenda kile kimya hata kidogo. Pindo hakuwepo. Nyuma kabisa waliketi wanawake wawili nisiowajua, wenye nyuzi zimeganda kwenye sketi zao kama mafundi wote tulivyo. Walitoka kabla sijakaa.

Jumapili, 14 Aprili

Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi mvua ilikuwa nyembamba, karibu imeisha. Nilisimama mwenyewe kama nilivyoambiwa. Hakimu alisoma ombi langu la radhi, akamuuliza Pindo kama analikubali. Sikuwa nimemwona vizuri kwa miaka tisa. Amenenepa kidogo, mvi zimeanzia mbele. Aliongea na wakili wake, kisha akasema ameyapokea masahihisho, fidia haitaki, kesi iishe. Dakika kumi na moja zote.

Nilimkuta kwenye korido, anangoja nakala ya amri. Benchi lilikuwa moja. Nikakaa upande wangu, naye upande wake, katikati pangeweza kukaa watu wawili wanene.

Nilimuuliza habari za kiwanda. Akanijibu akitazama ukuta. Shule ilivunja mkataba wiki ile ile ya Februari, ikampa mtu mwingine kwa mwaka mzima, na masahihisho yangu hayawezi kuuvunja wa huyo mwingine. Alikuwa na mafundi sita. Wamebaki wawili, ndio waliokuja kunisikiliza. Kati ya wale wanne, mmoja ameshahama mji.

Nikamwambia samahani. Nilimwambia na ile ya mwezi aliofariki mume wangu, asante ya miaka kumi na minne. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi mazuri, yakatoka hayo mawili basi.

Karani alipita, akarudi. Halafu Pindo akasema, bado akitazama ukuta:

"Unajua kwa nini matundu hayajifungi? Ile pasi ya maji ulikuwa unaipiga wewe. Mimi nilikuwa natia bandi na kung'oa, nakusogezea. Nimejaribu, nimewafundisha hao wasichana ninavyodhani, maji yanazidi au moto unapungua. Miaka tisa sketi zangu zinatoka na matundu, na kila nikiyaona nakukumbuka wewe."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nililiona lile kosa, nikalitangazia watu mia mbili, watu wanne wakakosa kazi, na pengo lenyewe lilikuwa mahali pangu mimi.

Nakala yake ikaja. Alisimama, akaikunja katikati, halafu tena katikati, kingo zimelingana sawasawa.

"Sijasema nimekusamehe," akasema.

Nikamjibu najua. Nikamuuliza hao wawili waliobaki wanaanza kazi saa ngapi.

Akasema saa moja na nusu, akaondoka bila kuniaga.